Ngoma za Mjini Zilizoitwa za Porini

Mjukuu wangu alinisikilizisha albamu ya Roots ya kundi la Sepultura la Brazili. Akanieleza kuwa huo ni muziki wa metali, wenye magitaa mazito na sauti za kunguruma, ila humu umechanganywa na "ngoma za porini". Magitaa niliyavumilia. Neno "porini" ndilo lililonikera.

Albamu hiyo ilitoka Februari 1996. Kundi lilianzishwa mwaka 1984 mjini Belo Horizonte, na safari hii lilimwalika Carlinhos Brown, mpigaji ngoma wa Salvador, Bahia, anayesikika katika wimbo "Ratamahatta". Ni kweli kwamba lilikwenda pia Mato Grosso kurekodi na Waxavante kijijini kwao. Lakini midundo ya Brown imelelewa mitaani, katika kanivali.

Kanivali ni shangwe za siku chache kabla ya Kwaresima. Mwishoni mwa karne ya 19, wazao wa watumwa mjini Salvador waliunda vyama vya kanivali, wakapita barabarani kwa ngoma na mavazi ya Kiafrika. Kimoja walikiita Embaixada Africana, yaani Ubalozi wa Afrika. Jina la watu wa porini hilo? Mwaka 1905 polisi walipiga marufuku ngoma na mavazi hayo katika kanivali, kwa hoja kwamba yanaushushia mji ustaarabu. Marufuku ile haikuziua. Mwaka 1949 makuli wa bandarini waliunda Filhos de Gandhy. Mwaka 1974 vijana wa mtaa wa Liberdade wakaanzisha Ilê Aiyê, chama cha watu weusi peke yao, na magazetini wakaitwa wabaguzi. Olodum ikafuata mwaka 1979. Kila chama kilililipia kwa matusi lile ambalo leo huuzwa katika santuri kama sauti ya asili isiyo na mwenyewe.

"Ratamahatta" humtaja Zumbi, kiongozi wa Palmares aliyeuawa mwaka 1695. Palmares ilikuwa makazi ya watumwa waliotoroka, na makazi ya namna hiyo Wabrazili huyaita quilombo. Neno hilo lilivuka bahari kutoka Angola: kilombo, yaani kambi. Nimefundisha ngeli maisha yangu yote, na ki- hiyo naifahamu. Ndiyo ile ya kikao na kituo.

Nilimwandikia mjukuu wangu neno hilo kwenye karatasi, nikamwomba aurudie wimbo.