Barabara ya Utete: Jinsi pesa inavyosafiri kutoka ahadi hadi lami

Utete ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, mkoani Pwani. Halmashauri na hospitali ya wilaya zipo hapo. Lakini ukitoka Dar es Salaam, lami ya barabara kuu ya kusini haipiti Utete.

Unapita Mkuranga, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa, unafika Nyamwage. Hapo unakata kulia kuelekea Utete. Kipande hicho, Nyamwage hadi Utete, kina kilomita 33.7.

Kwenye ramani ni kifupi sana. Kwa mama mjamzito aliyeandikiwa rufaa usiku wa masika, ni jambo jingine kabisa.

Jina la barabara hii limekuwa likisikika kwenye mipango ya Wizara ya Ujenzi na kwenye majukwaa ya kampeni. Swali la wananchi wengi ni moja: barabara ikishaandikwa kwenye mpango, inapitia wapi hadi greda lifike?

Haya hapa maelezo, hatua kwa hatua.

Kwanza, barabara ni ya nani?

Usilalamike kwenye ofisi isiyohusika. Tanzania ina wakala wawili wakubwa wa barabara:

- TANROADS, iliyoanza Julai 2000, inasimamia barabara kuu na barabara za mkoa. Barabara ya Dar es Salaam–Kibiti–Lindi ni barabara kuu. Nyamwage–Utete nayo iko upande huu.
- TARURA, iliyoanza Julai 2017, inasimamia barabara za wilaya, yaani za vijijini na mijini. Zile za kuingia vijijini, mashambani na mitaani nyingi ziko hapa.

Kabla ya TARURA, barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaomfuata diwani kuhusu shimo la barabarani. Diwani anaweza kupaza sauti, lakini bajeti ya kuziba shimo hilo haiko mfukoni mwa halmashauri.

Safari ya mradi: hatua saba

1. Kuibuliwa. Wazo linaanzia kijijini, kwenye vikao vya mpango wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, au kwa wataalamu wa wakala. Kisha linafika Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na wabunge ni wajumbe. Kikao hiki hakina mbwembwe, lakini ndicho kinachopendekeza barabara ipi ya mkoa isukumwe mbele.

2. Kuingia kwenye mipango mikubwa. Nchi ina Dira ya Maendeleo, na ile ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Chini yake ipo mipango ya miaka mitano, na chini ya hiyo kuna bajeti ya kila mwaka. Mradi usiokuwa na nafasi kwenye mipango hii hupata shida kuombewa pesa.

3. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Maneno haya mawili umeyasikia mno. Upembuzi unajibu kama barabara inafaa kujengwa, itapita wapi, itanufaisha nani na itagharimu kiasi gani. Usanifu unatoa michoro: unene wa tabaka, idadi ya makalavati, kimo cha tuta. Hatua hii peke yake inaweza kula zaidi ya mwaka. Na ikikaa kabatini muda mrefu, hurudiwa, kwa sababu bei zimepanda na mto umehama.

4. Kutengewa bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wizara husoma makadirio yake bungeni, kisha bajeti kuu husomwa Juni. Mradi ukitajwa humo, ujue umetengewa kiasi. Kutengewa siyo kupewa.

5. Zabuni na mkataba. Wakandarasi wanashindana kupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST. Mshindi anasaini mkataba, mara nyingi kwa hafla yenye turubai na ngoma.

6. Malipo ya awali na kuingia saiti. Mkandarasi akilipwa malipo ya awali ndipo analeta mitambo na kujenga kambi. Yakichelewa, mnaona kibao kimesimama na nyasi zinaota.

7. Ujenzi, hati za malipo na uangalizi. Kila kazi ikikaguliwa na mhandisi mshauri, mkandarasi anaandaa hati ya malipo. Serikali ikichelewa kulipa, deni huanza kuzaa riba. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonya kuhusu riba hizi mara nyingi. Barabara ikikamilika, mkandarasi anabaki na jukumu la kurekebisha kasoro kwa muda uliotajwa kwenye mkataba.

Kwa hiyo mtu akisema "barabara yetu imeshapita", muulize: imepita hatua ya ngapi?

Pesa yenyewe inatoka wapi?

Kuna mifuko minne, na kila mmoja una masharti yake.

Kodi za ndani. Hizi ndizo zinazojenga barabara nyingi za mkoa kwa lami. Tatizo lake ni foleni. Kilomita moja ya lami kwa barabara ya aina hii huzidi Sh1 bilioni. Piga hesabu kwa kilomita 33.7 utaona kwa nini baadhi ya barabara hujengwa kipande kwa kipande.

Mfuko wa Barabara. Kila ukijaza petroli au dizeli, sehemu ya bei ni tozo ya barabara. Hata mafuta ya bodaboda yamo. Bajeti ya 2021/22 iliongeza Sh100 kwa kila lita ili kuongezea nguvu barabara za vijijini na mijini. Lakini sheria inataka angalau asilimia 90 ya mfuko huu iende kwenye matengenezo, na isiyozidi asilimia 10 kwenye maendeleo. Yaani ni mfuko wa kutunza barabara iliyopo kuliko kujenga mpya.

Mikopo na misaada. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, mifuko ya nchi za Kiarabu na wengine. Hawa hupenda barabara kuu zinazounganisha mikoa au nchi. Barabara ya kwenda makao makuu ya wilaya moja huwa na kazi ngumu ya kuwashawishi.

Mkandarasi atafute pesa. Huu ni utaratibu ambao mkandarasi anasanifu, anajenga na kutafuta fedha, kisha Serikali inalipa baadaye. Juni 2023 Serikali ilisaini mikataba ya barabara saba kwa mtindo huu, zenye jumla ya kilomita 2,035. Mojawapo ni Masasi–Nachingwea–Liwale, kusini. Ubaya wake unaeleweka: asipopata mkopeshaji, mkataba upo ila greda halipo.

Rufiji ina somo lake tayari

Watu wazima wa Kibiti na Ikwiriri wanakumbuka pantoni la Ndundu. Kabla ya daraja, magari ya Lindi na Mtwara yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko. Mto ukifura, safari inasimama, na mikoa ya kusini inabaki kisiwani.

Mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa alifungua daraja lenye urefu wa takriban mita 970, lililobeba jina lake. Fedha zilitoka Serikalini pamoja na mifuko ya Kuwait na OPEC. Kwa wakati wake lilikuwa kati ya madaraja marefu zaidi katika ukanda huu. Leo kuna la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza, lenye kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025.

Lakini daraja halikumaliza tabu. Mbele yake kulikuwa na kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60. Daraja limekamilika, lami haipo. Mabasi yalinasa kwenye tope, abiria wakalala porini. Kipande hicho kilikuja kukamilika katikati ya miaka ya 2010, zaidi ya miaka 10 baada ya daraja.

Hapo ndipo unapoona maana ya kupanga kwa muda mrefu. Barabara ni mnyororo, na nguvu yake inaishia kwenye pete iliyo dhaifu. Ukijenga daraja la mabilioni na kuacha kilomita 60 za tope, umenunua nusu ya safari.

Utete nayo imepitia hali kama hiyo. Daraja lipo, barabara kuu ipo. Pete ya Utete ni kilomita 33.7.

Mto haujui bajeti

Huwezi kuongelea barabara Rufiji bila kuongelea maji. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliifanya Serikali kuwahamisha watu wa bondeni kwenda maeneo ya juu, katika Operesheni Rufiji. Yalikuja tena ya El Nino ya 1997/98. Aprili 2024, mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti yakafunikwa.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafuata. Barabara kuu ya kusini ilikatika maeneo kadhaa upande wa Kilwa, yakiwemo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Ukarabati wa madaraja mkoani Lindi ulitumia dirisha la dharura la fedha za Benki ya Dunia.

Wapangaji wanajifunza mambo mawili hapa.

La kwanza, kalavati dogo ni hasara. Wahandisi husanifu kwa kuangalia mafuriko yanayotokea mara moja kwa miaka 25, 50 au 100. Ukichagua la bei rahisi leo, utalijenga mara mbili.

La pili, Rufiji ya sasa siyo ile ya zamani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Msanifu wa barabara ya bondeni lazima ahesabu mvua za huku chini pamoja na maji yanayotoka bwawani.

Nyumba yako ikiwekewa X

Hili huwagusa watu moja kwa moja, hivyo lisome kwa makini.

Zamani hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza ikawa mita 30.

Maana yake ni hii:

- Uliyejenga ndani ya mita 22.5 unahesabiwa umevamia barabara. Kwa kawaida hulipwi.
- Uliyekuwepo kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria kubadilika una haki ya kufidiwa eneo hilo likihitajika.
- X nyekundu humaanisha bomoa bila fidia. X ya kijani humaanisha subiri fidia.

Mthamini akija, kuwepo nyumbani. Hakikisha minazi, miembe, mikorosho na kaburi vimeandikwa. Usisaini fomu ambayo hujaisoma au hujasomewa, na ubaki na nakala.

Na watu wa delta je?

Kwa wakazi wa Kiongoroni, Maparoni, Salale au Msala, upande wa Kibiti, habari ya lami ni ya mbali. Huko barabara ni mkono wa mto. Watu wanasafiri kwa mitumbwi na boti, na ratiba inapangwa na maji kujaa na kupwa.

Kwao mradi wa usafiri ni gati, boti ya wagonjwa na barabara nzuri ya kufika bandarini. Nyamisati, ambako ndiko abiria wa Mafia hupandia kivuko, inaonyesha jinsi gati na barabara vinavyotegemeana. Barabara ya Bungu–Nyamisati ikiwa mbovu, gati zuri halimfikishi mtu mapema.

Hata Utete ina habari hiyo hiyo. Mtu wa Mkongo, ng'ambo ya mto, anauona mji wake mkuu wa wilaya karibu, lakini bila chombo cha kuvuka lazima azunguke hadi Daraja la Mkapa.

Mpango wa usafiri unaohesabu kilomita za lami tu unawaacha watu hawa nje ya hesabu.

Maswali matano ya kwenda nayo mkutanoni

Siku mbunge, diwani au meneja wa wakala akija kijijini, acha kuuliza "lini?" peke yake. Jibu lake ni "hivi karibuni". Uliza haya:

1. Barabara hii iko chini ya TANROADS au TARURA?
2. Usanifu wa kina umekamilika mwaka gani, na ulizingatia mafuriko ya 2024?
3. Mwaka huu wa fedha imetengewa kiasi gani, na mpaka leo zimetoka ngapi?
4. Chanzo cha pesa ni kodi za ndani, mkopo au Mfuko wa Barabara?
5. Ikikamilika, nani atazibua makalavati kila kabla ya masika, na kwa fungu lipi?

Majibu mengine unaweza kuyatafuta mwenyewe kwenye simu. Hotuba za bajeti za wizara huchapishwa kila mwaka na hutaja barabara kwa jina na kilomita. Ripoti za CAG hutolewa hadharani, kwa kawaida mwezi Aprili. Linganisha kilichotajwa mwaka jana na kilichotajwa mwaka huu.

Ukikuta sentensi ileile imerudiwa miaka mitatu mfululizo, bila shilingi kuongezeka, umepata swali la sita.