Chura wa Mashamba ya Mpunga

Usimcheke chura, msomaji, kabla hujapata habari za huyu wa Bara Hindi. Ni chura mkubwa. Wapo wafikiao urefu wa sentimita 15 na zaidi, na Daudin, mtaalamu Mfaransa aliyemwandika mwaka 1802, alimpa jina la kumfananisha na chui milia.

Wakati wa kiangazi humwoni, kwani hujifukia udongoni akatulia. Ifikapo Juni, upepo wa kusi, huu huu tuujuao katika pwani yetu, huvuka bahari na kuimwagia nchi ile mvua. Hapo madume hutoka, nao wamegeuka rangi: mwili huwa manjano kama ndimu iliyoiva, na vifuko viwili vya sauti kooni huwa samawati. Usiku hulia wakiwaita majike, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ulafi wake ni mkubwa mno. Hula panzi, kaa wa mashambani, panya, hata vyura wenziwe. Viluwiluwi wake nao hulana wao kwa wao. Tabia hiyo haipendezi, lakini mkulima wa mpunga hakuilalamikia.

Katika miaka ya 1950 walitokea wanunuzi. Huko Ulaya na Marekani wapo watu waionao miguu ya chura kuwa chakula cha anasa, na viwanda vya India vikaanza kuigandisha na kuipeleka ng'ambo. Maskini wa vijijini wakatoka usiku na taa, wakiufuata mlio. Nawe wajua mlio ule ni wa nini: waliokamatwa ndio hasa waliokuwa karibu kuzaa. Miguu ya nyuma ilikatwa, mara nyingi chura angali hai, na kiwiliwili kikatupwa. Mwaka 1981 peke yake ilisafirishwa miguu ya uzito uliozidi tani 4,000.

Mimi simlaumu mwenye taa. Alitafuta chakula cha watoto wake. Lakini kila chura aliyeondoka aliwaacha nyuma wadudu ambao angaliwala, na sumu ya kuwaulia hununuliwa kwa fedha. Wataalamu wakauliza faida iko wapi, ikiwa fedha ziletwazo na miguu zatoka tena kwa kununua sumu. Mwaka 1985 mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya mwituni yalimtia chura huyu katika orodha ya wanyama wa kuangaliwa, na mwaka 1987 serikali ya India ikaipiga marufuku biashara hiyo.

Walaji hawakuacha kula. Wanunuzi waliigeukia Indonesia, na hadi leo vyura wa huko wanakatwa miguu.