Kishindo Ndani ya Silinda

Dereva aliyepata kupanda mlima mrefu kwa motokaa iliyojaa mzigo aijua sauti hii: akanyagapo mafuta, injini huanza kulia kana kwamba mtu yumo ndani yake akigonga chuma kwa nyundo ndogo. Mafundi husema injini inagonga. Sauti yenyewe ni ya tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini chanzo chake kiliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi, na dawa iliyopatikana ikawa na madhara yaliyoyapita maradhi.

Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hushindiliwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche. Mambo yakiwa sawa, moto huanza penye cheche ukaenea upesi, lakini kwa utaratibu, mithili ya moto wa nyika ufuatao upepo, mpaka ukafika ukuta wa mbali. Kugonga hutokea pale ambapo sehemu ya mwisho ya mchanganyiko, ile ambayo moto haujaifikia, hubanwa na kupashwa joto mno na moto huo unaokuja, hata ikalipuka yenyewe mara moja. Mshindo wake huipiga silinda, na chuma kikalia. Jambo hili halina budi kutengwa na jingine linalofanana nalo, yaani mchanganyiko kuwashwa kabla ya wakati na ncha ya plagi au masizi yaliyoiva kwa moto. Hili huitangulia cheche, lile huifuata. Huko Uingereza, Bertram Hopkinson wa Cambridge, na baada yake mwanafunzi wake Harry Ricardo, waliitambua tofauti hiyo mapema. Huko Marekani wengi waliendelea kuilaumu cheche.

Lawama hizo zilimwangukia Charles Kettering wa Dayton, Ohio, mtu ambaye kiwashio chake cha umeme kilitiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912. Ilisemwa kwamba umeme wake ndio uliozigongesha injini. Mwaka 1916 aliajiriwa kwake kijana mhandisi, Thomas Midgley, naye akapewa kazi ya kuitafuta asili ya sauti hiyo. Midgley aliupima mpando wa nguvu ndani ya silinda na kuuchungulia moto kwa dirisha dogo, akaona kwamba kishindo huja baada ya cheche. Basi kosa lilikuwa la mafuta.

Hapo pakaingia dhana ya ajabu kidogo. Kettering alilifikiria ua moja la msituni ambalo huchanua mapema mno, na majani yake ni mekundu upande wa chini. Labda, alisema, wekundu hunyonya joto. Mafuta yakitiwa rangi nyekundu huenda yakawaka upole. Midgley hakupata rangi ghalani, akatia aidini, nayo injini ikanyamaza. Baadaye alipojaribu rangi nyekundu zenyewe, hakuna hata moja iliyofaa kitu. Dhana ilikuwa batili, na jaribio likafaulu. Si mara ya kwanza katika historia ya elimu.

Haja yenyewe haikuwa ya kuyafurahisha masikio. Katika injini za siku zile, hewa ya vibaba 4 hivi ilishindiliwa katika nafasi ya kibaba kimoja. Ingeshindiliwa zaidi, mafuta yale yale yangetoa nguvu kubwa zaidi. Ila kugonga kuliizuia njia. Vitu vingi vilijaribiwa, vingine vikinuka hata watu wakawaepuka waliovishika, mpaka tarehe 9 Desemba 1921 ilipojaribiwa tetraethili ya risasi, madini ile ile ambayo wavuvi huifanyia chubwi. Tone dogo, kadiri ya sehemu moja kwa elfu, lilitosha kuinyamazisha injini kabisa.

Lakini dawa nyingine ilikwisha kujulikana, nayo ni alkoholi. Miezi miwili tu kabla ya hapo Midgley mwenyewe alikwenda Indianapolis kwa motokaa iliyotumia petroli yenye alkoholi 30 kwa 100, akawaambia wahandisi wenziwe kwamba faida zake ni kubwa na kasoro zake chache. Mbona basi ikaachwa? Alkoholi ilihitajika kwa wingi, na mkulima yeyote mwenye nafaka au miwa aweza kuitengeneza. Risasi ilihitajika kidogo, na uvumbuzi wake ungeweza kumilikiwa kwa hati. Mauzo yalianza Dayton Februari 1923, kwa jina la Ethyl. Neno risasi halikutajwa katika jina hilo.

Oktoba 1924, katika kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwapo na kupagawa, watano walikufa. Tarehe 30 ya mwezi huo Midgley alisimama mbele ya waandishi wa magazeti, akanawa mikono kwa dawa hiyo na kuinusa, ili kuonyesha kwamba haina hatari. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Florida kujiuguza sumu ya risasi. Kitendo hicho ni vigumu kukitafutia udhuru.

Mei 1925 ulifanyika mkutano Washington, na daktari Alice Hamilton akawa miongoni mwa waliopinga. Kamati iliyoundwa ilitoa rai mwaka 1926 kwamba haikuona sababu ya kukataza, ikashauri uchunguzi uendelee. Uchunguzi huo, kwa miaka 40 hivi, uligharimiwa zaidi na wenye biashara yenyewe. Aliyeyageuza mambo alikuwa mtu aliyeshughulikia umri wa dunia. Clair Patterson, katika kupima risasi ya mawe na vimondo, alikuta risasi ya watu imechafua kila kitu, na mwaka 1965 aliandika hayo waziwazi.

Marekani iliikataza kabisa katika motokaa za barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikwisha kuondoka vituoni mwao. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilishika mbele katika kazi hiyo. Algeria iliuza ya mwisho Julai 2021. Ndege ndogo za pistoni bado zinaitumia.

Injini za leo hubeba chombo kidogo kinachosikiliza kishindo na kuichelewesha cheche kabla dereva hajasikia neno. Na petroli iuzwayo Marekani, kwa sehemu kubwa, ina alkoholi kadiri ya 10 kwa 100.