Kutawala Maji: Rangi za Maji katika Afrika ya Mashariki na Nafasi yake katika Nchi ya Mara

Mto Mara hutoka katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukapita mbuga za Serengeti, ukamaliza safari yake katika ghuba ya Ziwa Victoria iliyo karibu na mji wa Musoma. Kabla ya kufika ziwani hupungukiwa na nguvu: bonde hupanuka, mafunjo husimama pande zote mbili, na udongo uliobebwa na mkondo huanza kutuama. Maji yaendayo kasi hubeba. Maji yaendayo polepole huweka. Na maji yakikauka huacha alama ya mahali yalipokomea. Mtu aelewaye mambo haya matatu ameelewa nusu ya ufundi wa kuchora kwa rangi za maji, kwa maana mchoraji wa namna hiyo kazi yake kubwa ni kuamua maji yatabeba rangi hadi wapi, yataiweka wapi, na yatakauka lini.

Ufundi huo una historia yake katika Afrika ya Mashariki, nayo ni historia ya elimu iliyogawanywa pasipo usawa. Kwa muda mrefu waliojua kuyatawala maji juu ya karatasi walikuwa wapita njia. Wenyeji nao walipoanza kufundishwa uchoraji shuleni, palizuka swali kama yafaa wapewe ufundi huo au waachiwe kipaji chao kikue chenyewe. Swali hilo halijafa. Linamhusu mtoto wa Bunda au Butiama ashikaye burashi leo kama lilivyowahusu wanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini sana ukashikanishwa kwa gundi iyeyukayo majini. Gundi iliyopendwa kuliko zote ni utomvu wa mgunga, na kwa karne nyingi wafanyabiashara wa Ulaya waliinunua kutoka Senegal na Sudan. Migunga itoayo gundi humea pia katika nyika za Tanzania. Basi kisanduku cha rangi kilichotoka London kuja Afrika kilikuwa kimebeba ndani yake kitu kilichotoka Afrika.

Burashi yenye maji ikipita juu ya karatasi kavu, rangi hukomea pale burashi ilipokomea, na ukingo wake huwa mkali. Ikipita juu ya karatasi iliyolowa, rangi hutawanyika na ukingo hutoweka. Kati ya hali hizi mbili ipo ya tatu, ambayo karatasi si kavu wala haikulowa, bali inang'aa kidogo tu. Ndiyo saa ya kuoanisha rangi mbili hata jicho lisione moja inapokwisha na nyingine inapoanza. Saa hiyo ni fupi. Mwanafunzi hujifunza kulinganisha unyevu wa burashi na unyevu wa karatasi: burashi ikiwa na maji mengi kuliko karatasi, hutoa, ikiwa na machache, hunyonya. Asiyejua hili huchovya burashi katika maji safi, akagusa mahali palipoanza kukauka, na maji mapya huisukuma rangi pembeni yakaacha doa lenye kingo za mawimbi. Hapo burashi haina la kuongeza ila kuharibu zaidi. Dawa ni kungoja pakauke.

Jambo jingine ni weupe. Mchoraji wa mafuta aweza kupaka nyeupe juu ya nyeusi. Mchoraji wa maji, katika desturi ya zamani, hana nyeupe ila ile ya karatasi yenyewe. Mwanga akishaufunika hawezi kuurudisha kama ulivyokuwa. Kwa hiyo huanza na rangi hafifu akaendelea kwa zilizokoza, na lazima ajue tangu mwanzo ni wapi hatapagusa.

Wachina walikuwa wamefikia kilele cha wino na maji juu ya hariri na karatasi karne nyingi kabla ya Ulaya kuuona ufundi huo kuwa sanaa ya kujitegemea. Huko Uingereza ulistawi katika karne ya 18, na mara ukashikamana na kazi ya dola. Paul Sandby, mmoja wa wachoraji waliouinua, aliteuliwa mwaka 1768 kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Kwa maana ofisa aliyejua kuchora kilima, mto na boma alileta habari zenye faida kuliko maneno matupu. Yapata mwaka 1780 William Reeves alianza kuuza rangi katika vipande vikavu vidogo, na katika miaka ya 1830 kampuni ya Winsor & Newton ikatoa vipande laini vilivyoyeyuka upesi zaidi. Kisanduku kikaingia mfukoni, na ufundi ukaweza kusafiri.

Ndivyo ulivyofika katika nchi za Ziwa Victoria. James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la India, alifuatana na John Hanning Speke katika safari ya mwaka 1860 hadi 1863. Alikuja na vyombo vya kupigia picha, lakini joto la hema alimotengenezea vioo vyake lilikuwa la kuhatarisha maisha, na kazi hiyo ikaachwa. Akabaki na penseli, burashi na rangi. Karagwe, katika enzi ya Mfalme Rumanika, mguu wake uliugua akakaa huko kwa miezi. Na michoro yake ya safari nzima, zaidi ya 100, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh.

Hata hivyo wasomaji wa wakati ule hawakuiona michoro hiyo ilivyokuwa. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha za Grant zilikuwa zimechorwa upya na kuchongwa katika mbao ili zichapwe. Kisu cha mchongaji hakijui maji. Hujua mstari tu. Ukungu wa asubuhi, ambao mchoraji aliupata kwa kuacha rangi mbili zikutane zikiwa zimelowa, ukageuzwa mistari myeusi iliyo sambamba. Nchi yenye wororo ikafika Ulaya ikiwa ngumu na yenye giza. Haikosi kuwa picha ya Afrika iliyokaa katika fikira za watu wengi kwa miaka mingi ilipata sehemu ya sura yake katika mabadiliko hayo ya ufundi.

Nchi ya Mara ilikosa hata hilo. Speke aliliona ziwa kutoka upande wa Mwanza mwaka 1858, na ghuba ambayo wilaya ya Bunda imepakana nayo ikapewa jina lake. Lakini yeye na Grant hawakufika pwani ya mashariki. Henry Morton Stanley aliipita kwa mashua mwaka 1875, na kitabu chake cha mwaka 1878 kikatoa picha zilizochongwa kwa njia ileile ya mbao.

Isidhaniwe kwamba watu wa nchi hizi hawakujua kuchanganya maji na rangi. Michoro ya mapangoni Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni kazi ya watu waliosaga mawe na udongo wakapata rangi iliyodumu kwa vizazi vingi. Karibu zaidi na Mara, miongoni mwa Wasukuma, chama cha wachezea nyoka kiitwacho Bayeye kilipamba kuta za nyumba zake kwa nyoka, watu na nyota, na Hans Cory akatoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Tena kila aliyepata kukandika nyumba kwa udongo ajua kwamba udongo wenye maji mengi huteleza ukutani, na ukikauka hupasuka; wenye machache haushiki; na tabaka la pili halipakwi kabla la kwanza halijakauka. Elimu hiyo ni ndugu wa elimu ya karatasi. Kilichokosekana hakikuwa akili ya kuyafahamu maji, bali karatasi, kisanduku na mwalimu.

Mwalimu alipatikana Makerere. Margaret Trowell, aliyesoma katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, alianza darasa la uchoraji nyumbani kwake Kampala mwaka 1937, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Darasa likawa sehemu ya chuo. Julius Nyerere alipotoka Butiama akapitia shule ya Mwisenge mjini Musoma na ile ya Tabora, kisha akasomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, uchoraji ulikuwa tayari umeanza kufundishwa huko.

Trowell alikuwa na nia njema na hofu kubwa. Alihofu kwamba mwanafunzi wa Kiafrika akifundishwa kunakili mifano ya Ulaya atapoteza jicho lake mwenyewe. Kwa hiyo aliwasimulia wanafunzi hadithi au habari za maisha yao, akawaacha wazichore kwa fikira zao. Njia hiyo ilizaa kazi zenye uhai, na haifai kubezwa. Lakini ina upande wa pili. Mtu aliyepewa ufundi wote tangu ujana wake ndiye aliyeamua kwamba wengine hawauhitaji mapema. Mwenye ghala aweza kufunga mlango kwa huruma. Aliye nje hukosa chakula vilevile.

Mfano wa Sam Ntiro waifafanua hoja hii. Ntiro, mwenyeji wa Kilimanjaro aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mwanafunzi wa Trowell, kisha akafundisha Makerere. Picha zake za mafuta zaonyesha watu wengi wadogo wakilima, wakijenga, wakipeleka pombe arusini. Rangi zimelala bapa, hazikufifishwa, wala kivuli hakikutiwa maanani sana. Wapo waliosema kwamba huo ni upungufu wa mafunzo. Lakini Ntiro alikwenda Slade katika miaka ya 1950, akaona kila ufundi uliofundishwa huko, akarudi akaendelea kuchora kama alivyochora. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York likapata picha yake moja, na mwaka 1961 akawa mwakilishi wa Tanganyika huko London. Basi ubapa wa picha zake haukuwa ujinga. Ulikuwa uchaguzi, nao uchaguzi hauwi kamili kwa mtu asiyeonyeshwa kitu cha pili.

Trowell alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata alileta mafunzo ya utaratibu: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, na mazoezi ya ufundi. Wapo waliolalamika kwamba Ulaya imeingia kwa mlango wa mbele. Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu aliyesoma chini ya Trowell, alibaki mpinzani mkubwa wa kunakili, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha jumba la Paa ya Paa huko Nairobi. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya kweli. Kunakili picha ya mtu mwingine ni jambo moja. Kujifunza jinsi maji yaendavyo ni jambo jingine. Maji hayana taifa, na mwenye kuyajua hajawa mtumwa wa yeyote.

Vifaa navyo hutawala mkono. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ing'aayo ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei nafuu. Rangi hiyo ni nzito, haitawanyiki kama ya maji, wala haiombi karatasi iliyotengenezwa kwa uangalifu. Yapendeza kwa mistari safi na rangi kali, nayo ikazaa mtindo uliopata jina lake. Sanaa hufuata kilichopo sokoni kama ifuatavyo moyo wa msanii.

Hoja hiyo ndiyo irudishayo habari hii Mara. Musoma imejengwa kando ya ziwa ambalo uso wake uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Jua ni kali, na mchana upepo huvuma. Siku za kiangazi tandazo la rangi hukauka kabla mkono haujafika mwisho wa karatasi. Mwanafunzi wa hapo hana budi kulowesha karatasi zaidi ya asemavyo mwandishi wa Uingereza, kuchanganya rangi ya kutosha kabla ya kuanza, na kufanya kazi kivulini asubuhi. Nchi yenyewe ni mwalimu mzuri. Majabali ya Butiama yataka ukingo mkali na burashi iliyokaribia kukauka. Mstari wa ziwa na mbingu wataka rangi ikolezwe juu na kufifishwa polepole hadi chini. Vilima vya Bunda, kimoja nyuma ya kingine, vyataka tabaka hafifu juu ya tabaka lililokwisha kukauka.

Lakini yote hayo hutegemea karatasi. Karatasi ya rangi za maji hutiwa jelatini ili isinywe maji upesi, nayo huwa nene isijikunje. Karatasi nyembamba ya daftari haina uwezo huo: hunywa rangi mara moja, hujikunja, na ile saa fupi ya kuoanisha haipatikani kamwe. Mtoto hujaribu mara tatu, huona madoa, husema hana kipaji, kumbe kosa ni la karatasi. Kupaka maji mepesi ya wanga wa muhogo na kuyaacha yakauke hupunguza unywaji, na kubandika kingo za karatasi nene iliyolowa juu ya ubao huizuia kujikunja; ni tiba ndogo, lakini humpa mwanafunzi muda wa kuona maji yakitii.

Zamani mlango ulifungwa kwa kuwa kisanduku kilikuwa cha msafiri. Baadaye kwa kuwa mwalimu alihofu. Sasa hufungwa na bei ya karatasi, na wa sasa ni mgumu kuonekana kwa sababu hauna mtu aliyeushika. Mchoraji wa Mara akishajua kuyafanya maji yabebe, yaweke na yakauke kwa amri yake, aweza kuendelea nayo, au aweza kuyaacha akachora bapa kama Ntiro. Katika hali zote mbili kazi itakuwa yake.