Kutoka Nyangwe hadi Mkunazini

Wengi wetu hapa Nyunzu huenda tusifike Unguja. Njia ni ndefu: Kalemie, kisha ziwa, kisha Kigoma, kisha nchi nzima ya Tanzania mpaka bahari. Lakini leo tunawaalika tutembee pamoja, kwa fikira tu, katika Kanisa Kuu la Kristo lililoko mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Kanisa hilo ni la ndugu zetu Waanglikana, wala si la Wakatoliki. Hata hivyo sehemu ya historia yake ilianza kwenye ukingo wa Lualaba, mto unaoyapokea maji ya Lukuga yetu.

Waongoza wageni huanzia nje. Uwanja ule ulikuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874, mtu aliyependa Kiswahili na kutafsiri Maandiko Matakatifu katika lugha hiyo. Kando ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Msweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hapo wageni hunyamaza.

Kutoka hapo huteremshwa katika vyumba viwili vya chini, vyembamba, visivyo na hewa, wakaambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya mnada. Katika jambo hili tunawasihi msiwe wepesi wa kusadiki. Wako wanahistoria wanaosema kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misioni baada ya soko kufungwa. Vivyo hivyo tusidhani kwamba kila aliyekamatwa kwetu aliuzwa Mkunazini. Wengi walioletwa Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa. Watu wa huku wengi walibaki njiani, Ujiji na Tabora, wakilima mashamba ya mabwana zao au wakibeba pembe za ndovu. Mateso yale yalikuwa ya kweli, hayahitaji kuongezewa chumvi.

Tuingie sasa ndani. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu; yasimuliwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Karibu na mlango mna nguzo zilizosimikwa kichwa chini, na hapo mwongozaji hucheka kidogo: mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Nyuma ya altare ndipo alipozikwa yeye mwenyewe mwaka 1882.

Kisha huonyeshwa msalaba mdogo wa mti. Ulichongwa kutoka katika mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Mwongozaji hutaja jina hilo, wageni hupiga picha, wakaendelea mbele. Sisi tungependa kukaa hapo muda zaidi, maana mbele ya msalaba huo kuna habari inayotuhusu ambayo kwa kawaida haitajwi.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, katika Maniema. Ilikuwa siku ya soko. Walikuja watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake wenye samaki, vyungu na kuku, ingawa asubuhi ile vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiungua. Watu watatu wa wafanyabiashara wa pwani waliingia sokoni na bunduki, wakabishania bei ya kuku, kisha wakaanza kufyatua. Wengine waliokuwa mtoni nao wakawapiga risasi wanawake waliokimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Na sababu? Livingstone aliandika kwamba mtumwa mmoja, Manilla, alikuwa amechanjiana na machifu wa ng'ambo, naye alipaswa kuadhibiwa na wenyeji kutiwa hofu. Tukumbuke hilo: urafiki uliofanywa pasipo ruhusa ya wenye bunduki ulihesabiwa kuwa kosa la kuuawa watu.

Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Barua zake zilichukuliwa na Stanley, waliyekutana naye Ujiji, zikasomwa Uingereza mwaka 1872. Zikawa miongoni mwa yaliyowachochea watu huko hata serikali yao ikamtuma Bartle Frere Unguja mwanzoni mwa 1873, na manowari zikafuata. Barghash hakutia sahihi kwa hiari. Hivyo soko la Mkunazini lilifungwa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa soko jingine, la kuku na samaki, lililomwagiwa damu huku kwetu. Na lugha tunayoiandika hapa, tunayosali na kuimbia, ilifika huku pamoja na misafara ile ile.

Katika shajara ile mna mwanamke mmoja asiyetajwa jina. Dugumbe, mkuu wa wafanyabiashara waliokuwa pale, alituma mtumbwi kuwaopoa waliokuwa wakizama, wakapatikana ishirini na mmoja. Mwanamke huyo alikataa kupanda, akidhani wanamchukua utumwani. Wanawake wa Kigenya ni hodari majini, huzamia kutafuta chaza. Akaendelea kuogelea, akifuata mkondo wa Lualaba, na Livingstone aliona kwamba waliofuata mkondo huenda waliokoka.