Pemba, Kisiwa Kilichoilisha Mombasa

Ukitazama ramani, Pemba iko karibu zaidi na Shimoni na Vanga kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Lakini muulize mtu yeyote wa Pwani yetu anajua nini kuhusu Pemba. Atakutajia wavuvi, kisha atashusha sauti na kukutajia uganga. Basi. Jambo la tatu, ambalo kwa karne nyingi ndilo lililokuwa la kwanza, hatulitaji kabisa: mchele. Kuna wakati Mombasa ilikula kwa sababu Pemba ililima.

Ndiyo maana nilipokizunguka kisiwa hicho kwa gari ya kukodi kwa siku nne, nilikula kwa makusudi. Nilitaka kujua chakula cha Pemba kimepita mikononi mwa nani.

Neno "kuzunguka" lisikudanganye. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na hakuna barabara moja inayoufuata ufuo wake wote. Kuna uti wa mgongo unaotoka bandari ya Mkoani kusini, ukapita Chake Chake katikati na kupanda kaskazini hadi Wete na Konde. Ukitaka kuiona bahari, unakata kushoto au kulia, kisha unarudi ulikotoka. Gari inapanda kilima, inashuka bondeni, inapanda tena. Vilimani kuna mikarafuu, mabondeni kuna mpunga. Waarabu waliposafiri huku zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na hawakutia chumvi.

Asubuhi ya kwanza Mkoani nilikula vitumbua na chai ya rangi. Kitumbua kimetoka kwenye unga wa mchele, na mkate wa kumimina vilevile. Mchana ni wali kwa mchuzi wa pweza wa nazi. Nilimuuliza mama aliyekuwa akipakua kama mchele huo ni wa mabonde tuliyoyapita. Akacheka. "Mwanangu, huo ni mapembe." Mapembe ni mchele wa kutoka nje, unaokuja kwa meli. Wa kwao huliwa siku chache baada ya mavuno, akasema, kisha unakwisha. Jibu hilo nilisafiri nalo hadi mwisho wa barabara.

Kusini-mashariki ya Chake Chake, barabara inaingia Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Wataalamu wa mambo ya kale wanaiweka karne ya 15. Kuta zimelika, na mizizi imepenya kila mahali, lakini tuta la udongo lililoizunguka bado linaonekana. Wenyeji wanasimulia kwamba mtawala huyo aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijisogeza kwa makalio, na kwamba jina lake maana yake ni mkamua wanaume. Wanasimulia pia kuhusu kisima cha wake wawili wasiopatana: kikajengwa ukuta katikati, mmoja akateka kwa ndoo na kamba, mwingine akashuka kwa ngazi. Huenda simulizi imeongezwa chumvi. Lakini angalia watu waliamua kukumbuka nini: hawakukumbuka vita alivyoshinda, walikumbuka jasho waliloshurutishwa kulitoa.

Chake Chake kuna ngome nyingine, ya baadaye, ambayo sasa ni makumbusho. Hapo ndipo historia ya Pemba inapoungana na ya Mombasa. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na ngome iliyojaa askari haili mawe. Mchele na mifugo ya Pemba ndiyo iliyowaweka hai. Wareno waliondoka, lakini hadi leo Wapemba wana mchezo wa ng'ombe ambao wengi husema ni urithi wao, ingawa ng'ombe wa Pemba hachinjwi uwanjani.

Baada ya Wareno wakaja Mazrui, magavana wa Mombasa, nao wakaishikilia Pemba kwa sababu ileile. Waliponyang'anywa na majeshi ya Seyyid Said mnamo 1822 na 1823, Mombasa ilipoteza ghala lake. Mwaka 1824 Mazrui walimwomba Kapteni Owen wa Uingereza awalinde, na moja ya mambo waliyoyataka ni kurudishiwa Pemba. Hawakurudishiwa. Mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikawa chini ya Seyyid Said. Vitabu vyetu vya shule vinasimulia habari hiyo kama ugomvi wa koo za watawala. Ukiwa Pemba unaiona kwa upande wa sufuria: mji uliokatiwa chakula hauna nguvu ya kukaa sana.

Kutoka Chake Chake kwenda Wete nilipita njia ya zamani, ile nyembamba yenye mikarafuu pande zote mbili. Msimu ulikuwa umeanza. Kila penye uwanda kulikuwa na majamvi, na juu yake karafuu zikianikwa, nyekundu upande huu, karibu nyeusi upande ule. Wanawake na watoto walikuwa wamekaa wakichambua, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa kukamuliwa mafuta. Harufu inaingia garini hata ukifunga dirisha.

Harufu hiyo ina historia chungu. Mikarafuu ilistawishwa kwanza Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha mwezi Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya miti ya Unguja, kikaiacha Pemba bila madhara makubwa. Bei ikapanda, na Pemba ikawa kitovu cha karafuu ya dunia. Vilima vikajaa mikarafuu, na mikarafuu ikahitaji mikono. Mikono hiyo ililetwa kutoka bara, ikiwa imefungwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Wengi walioachiwa huru walibaki kwenye ardhi ileile, chini ya mikarafuu ileile, wakichuma kwa ujira mdogo.

Hivyo kisiwa kilichouza chakula kikaanza kuuza kiungo. Tatizo la karafuu ni kwamba huwezi kuila ukashiba. Ukipanda karafuu unaishi kwa bei, na bei anaipanga mtu mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu, lakini karafuu iliendelea kuuzwa kwa mnunuzi mmoja tu, serikali. Ndipo magendo yakashamiri, majahazi ya usiku yakielekea kwetu Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Karume ilipozuia uagizaji wa mchele, unga na sukari ili watu wajitegemee, wenye mabonde ya mpunga na vilima vya karafuu walijikuta wakila mihogo na ndizi mbichi. Wazee bado wanauita wakati ule jina moja tu: njaa.

Wete nilinunua halua, maana kutoka Pemba bila halua ya Wete utaulizwa nyumbani. Kisha nikaendelea hadi Tumbe, kwenye soko la samaki ambapo mnada unaanza mashua zinapogusa mchanga. Karibu na hapo, Chwaka, kuna magofu ya msikiti na makaburi, yakiwemo ya Mazrui. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamechekecha udongo wa sehemu hizi mbili na kutoa punje zilizoungua jikoni kwa watu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Tumbe, kati ya karne ya 8 na ya 10, watu walikula zaidi uwele. Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Yaani wali, ambao tunaudhani ni chakula cha Mswahili tangu Adamu, una tarehe yake ya kuingia. Ulikuja na misikiti mikubwa, na karamu, na watu waliotaka kuonekana wana uwezo. Uwele ukasukumwa pembeni.

Nilipita msitu wa Ngezi na kufika mnara wa taa wa Kigomasha, mwisho wa kisiwa. Shimoni iko ng'ambo. Januari 2001, watu walipouawa katika maandamano ya kisiasa Pemba, zaidi ya 2,000 walivuka bahari hiyo wakatua Shimoni kama wakimbizi. Wapemba wengine walikuwa wamekwisha vuka miongo mingi kabla yao, wakifuata samaki, wakazaa na kuzikana Kwale na Kilifi bila kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili mashua yako, kufungua akaunti, wala kupiga kura. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali ya Kenya iliwatambua kuwa miongoni mwa jamii zake.

Tuliwaita wageni kwa zaidi ya nusu karne. Watu ambao mababu zao waliwajazia mababu zetu masahani! Historia ya mipaka ni fupi, haina hata miaka 150. Historia ya mchele kati ya Pemba na Mombasa ni ndefu kuliko Fort Jesus. Leo visiwa vyote viwili vinakula mchele wa meli, na hakuna kimoja kinachoweza kujidai mbele ya kingine. Lakini ukikutana na mvuvi wa Kipemba gatini, kabla hujamuuliza ametoka wapi, fikiri kwanza nani alikuwa akimlisha nani.