K'Ogalo: Jezi Inayopendwa, Ofisi Inayodaiwa

Siku Gor Mahia inapocheza Kisumu, mji hauhitaji kutangaziwa. Asubuhi jezi za kijani huwa zimeshatapakaa Kondele, na boda boda hupita mbio na matawi ya miti yaliyofungwa kwenye usukani. Mchana unapofika, nyimbo za kuisifu "Sirkal" zinasikika hadi mitaa ya mbali, kwa maana kwa mashabiki hawa timu yao ndiyo serikali. Uwanjani yanatajwa majina ya wachezaji, na la kocha likitokea. Ya viongozi wa klabu hutajwa mambo yakiharibika.

Na yameharibika mara nyingi. Klabu yenye mataji mengi kuliko nyingine yoyote nchini Kenya imejijengea sifa mbili zisizofanana. Kiwanjani wapinzani huiogopa. Ofisini, wachezaji na makocha kadhaa waliopita hapo wameishia kuidai mbele ya FIFA, na klabu jirani zimejifunza kuvizia mlangoni pake.

Gor ilizaliwa Februari 1968, watu wa Luo Union na Luo Stars walipoungana, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa Kenya. Jina lilitoka Kanyamwa katika nchi ya Ndhiwa, kwa mganga Gor ambaye masimulizi yanasema aliweza kujigeuza umbo adui akamkosa. Alikuwa mjukuu wa Ogalo, ndiyo sababu timu ikaitwa K'Ogalo. Hata hivyo ndoa ya 1968 haikuwafunga wote. Luo Union ilirudi kucheza kivyake, ikachukua ligi mwaka 1975 na kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Mwaka huo wa 1976 Gor nayo ilimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja.

Tangu mwanzo klabu imekuwa mali ya wanachama. Haina tajiri mmoja anayetia saini hundi. Mwenyekiti, katibu mkuu na mweka hazina huchaguliwa kwa kura, na wengi wao wana kazi nyingine ya kuwalisha. Kwa miongo mingi mfuko ulitegemea viingilio vya mlangoni na michango ya wenye uwezo. Mfumo huo unawapa mashabiki sauti, lakini mshahara wa mchezaji unabaki kuning'inia kwenye matokeo ya Jumapili na ukarimu wa watu.

Fahari kubwa ilipatikana katika mazingira hayo hayo. Desemba 1987, Zack Mbori akiwa mwenyekiti, Gor iliwatoa Espérance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Sare ya 2-2 jijini Tunis na ya 1-1 Kasarani zilitosha kuipa kombe kwa mabao ya ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, ambaye mpwa wake Divock Origi angekuja kufunga bao kwenye fainali ya Ulaya mwaka 2019. Peter Dawo aliongoza wafungaji wa mashindano kwa mabao 10. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara.

Kisha ukaja ukame. Baada ya ubingwa wa 1995, Gor ilikaa miaka 18 bila kushika taji la ligi.

Aliyekuwa ofisini ukame ulipokatika ni wakili Ambrose Rachier, aliyeshika uenyekiti mwaka 2008. Chini ya Mskoti Bobby Williamson taji lilirudi mwaka 2013, na kufikia 2024 kabati lilikuwa limeongezewa mataji tisa, likiwemo la 2015 ambalo Frank Nuttall alilitwaa bila kupoteza mechi. Katika hesabu ya makombe, uongozi huo una la kujivunia. Malalamiko yako kwenye hesabu nyingine.

SportPesa ilipojiondoa katika udhamini mwaka 2019, baada ya serikali kuinyima leseni ya kamari, mfuko ulibaki mtupu na mishahara ikaanza kuchelewa. Wachezaji wakatafuta kwingine, na viongozi wa klabu za Dar es Salaam hawakulala. Njia walishaijua. Juni 2018 Meddie Kagere alifunga bao katika fainali ya SportPesa Super Cup mjini Nakuru, Gor ikaichapa Simba 2-0. Haukupita muda, Simba wakamsajili, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa Tanzania kwa mabao 23. Francis Kahata akamfuata mwaka 2019 na beki Joash Onyango mwaka 2020, huku Yanga wakimchukua Gislain Yikpe. Kwa ofisi za Simba kule Msimbazi na Yanga kule Jangwani, Gor ilikuwa timu ngumu kucheza nayo na rahisi kununua kwake.

Kisa cha Robertinho kinaonyesha zaidi. Mbrazili huyo alikuwa kocha wa Rayon Sports ya Rwanda ilipoipiga Gor 2-1 jijini Nairobi mwaka 2018. Gor ilimwajiri mwishoni mwa 2020, na ni hapo tu ilipobainika kwamba CAF, shirikisho la soka la Afrika, haikubali cheti chake cha ukocha. Msaidizi, Sammy Omollo, ndiye aliyeketi benchini katika mechi za Afrika. Mjini Algiers, CR Belouizdad waliicharaza Gor 6-0. Robertinho aliondoka, akaipa Vipers ubingwa wa Uganda, na Januari 2023 Simba ikamwita.

Madeni nayo yalifuata klabu hadi Zurich. FIFA iliifungia Gor kusajili kwa sababu ya malipo ya wachezaji wa kigeni waliokwisha kuondoka, na Johnathan McKinstry akauanza msimu wa 2022/23 na kikosi asichoweza kukiongeza. Vijana hao hao wakapigana hadi siku ya mwisho, wakaipita Tusker kwa pointi moja na kuchukua taji la 20.

Taji hilo lilikuwa tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. CAF ikaitazama orodha ya wanaodai, miongoni mwao kocha wa zamani Mjerumani Andreas Spier, ikainyima Gor leseni. Kile wachezaji walichokipata kwa jasho la miezi kilipotelea kwenye faili.

Msimu uliofuata wakautwaa ubingwa tena, wa 21, wakiwa bado na McKinstry, na safari hii leseni ilipatikana. Septemba 2024 Al Ahly ya Misri ikatua Nairobi. Mabasi yaliondoka Kisumu usiku, matawi yakiwa yamechomekwa madirishani, kwenda kutazama mechi ambayo Gor ilifungwa 3-0.